Je, waandishi wa Burma waliwahi kuwa huru kweli?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu hapa Iringa na huandika mashairi. Baba yake babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza hapa Afrika Mashariki, aliyepelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana nchi hiyo naifuatilia. Nilisoma kwamba majenerali walipolegeza mkono, ofisi ya kukagua vitabu ilifungwa mwaka 2012 na waandishi wakawa huru. Kisha nikasoma kwamba mwaka 2021 washairi waliuawa. Je, waliwahi kuwa huru kweli? Uhuru huo waliutumiaje? Na mtu aliye mbali kama mimi afanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2012 hadi 1 Februari 2021, mwandishi wa Burma, au Myanmar kama inavyoitwa rasmi, aliweza kuchapisha kazi yake bila kuipeleka kwanza serikalini. Huo ulikuwa uhuru wa kweli, na mtu asikwambie kwamba yalikuwa mazingaombwe. Lakini katika miaka hiyohiyo hakuwahi kuwa na hakika kwamba hatakamatwa baada ya kuchapisha, na mara nyingi waliomfungulia kesi walikuwa watu wenye magwanda. Mkaguzi aliondolewa mlangoni. Sheria zilizowajaza waandishi jela zilibaki kwenye vitabu, na jeshi lilibaki na nguvu zake.

Ili uone uzito wa kilichofutwa, ni lazima ujue ofisi ile ilifanyaje kazi. Jenerali Ne Win alipindua serikali tarehe 2 Machi 1962, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kusajili wachapaji na wachapishaji. Chini ya sheria hiyo vitabu, majarida, hata maneno ya nyimbo yalipita mikononi mwa wakaguzi. Magazeti ya kila siku ya watu binafsi yalitaifishwa au kufungwa moja baada ya jingine. La Mandalay lililoitwa Ludu, la mume na mke U Hla na Daw Amar, lilizimwa mwaka 1967. Tangu hapo kwa takriban nusu karne msomaji wa Yangon aliamka asubuhi kusoma gazeti la serikali tu.

Ukali wa mfumo huo ulikaa kwenye fedha. Kwa miaka mingi jarida lilipelekwa kwa wakaguzi likiwa limekwisha kuchapwa. Wakichukizwa na ukurasa, mchapishaji aliamriwa auchane kutoka kila nakala, au afunike mistari kwa wino mweusi, na baadaye kwa wino wa rangi ya fedha. Karatasi alikwisha kuinunua, mtambo alikwisha kuulipia, na hasara yote ilikuwa yake. Kwa hiyo mhariri alijifunza kukata mapema kuliko mkaguzi, na mwandishi akajifunza kukata mapema kuliko mhariri, huko nyumbani, akiwa peke yake na karatasi. Serikali haikuhitaji kuajiri watu wengi. Woga wa kufilisika uliifanyia kazi. Hali hiyo pia inasaidia kueleza kwa nini hadithi fupi na mashairi yalichanua katika miaka ile migumu. Riwaya ikizuiwa, mtaji wote umezama. Shairi likichanwa, jarida bado linauzika.

Wewe ni mshairi, basi kuna kisa nataka ukijue vizuri. Mwezi Januari 2008 mshairi Saw Wai alichapisha shairi la mapenzi katika jarida moja la kila wiki, kuhusu siku ya wapendanao. Wakaguzi walilisoma, hawakuona neno baya, wakalipitisha. Wasomaji ndio waliogundua kwamba ukichukua neno la kwanza la kila mshororo ukashuka nalo chini, unapata sentensi inayomtaja Jenerali Mkuu Than Shwe, mtawala wa wakati ule, kuwa ni mwendawazimu wa madaraka. Jarida liligombewa mitaani. Saw Wai alikamatwa ndani ya siku chache akahukumiwa miaka miwili. Mliokulia kwenye mafumbo ya ushairi wa Kiswahili mtauelewa ufundi huo bila kufafanuliwa. Lakini uhesabu pia bei yake: miaka miwili ya maisha ya mtu kwa sentensi moja iliyofichwa.

Wengine walilipa zaidi. U Win Tin, mwanahabari mkongwe, alikamatwa mwaka 1989 akatoka Septemba 2008, miaka kumi na tisa baadaye. Gerezani Insein karatasi na kalamu vilikuwa kosa, akasaga vipande vya matofali, akachanganya na maji, akaandika ukutani. Mwaka 1996 aliongezewa kifungo kwa sababu yeye na wenzake walikuwa wametayarisha ripoti ya siri kwa Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya wafungwa. Alipoachiwa aliendelea kuvaa shati la bluu, rangi ya sare ya mfungwa, hadi alipofariki mwaka 2014, kwa kuwa wengine walikuwa bado ndani. Ma Thida, daktari na mwandishi wa hadithi, alihukumiwa miaka ishirini mwaka 1993 na kutoka mwaka 1999 akiwa na afya iliyovunjika. Nay Phone Latt, kijana aliyeandika mtandaoni, alipewa zaidi ya miaka ishirini mwaka 2008. Mchekeshaji Zarganar alifungwa mwaka huohuo baada ya kuwasaidia waathirika wa kimbunga Nargis na kuzungumza na vyombo vya habari vya nje juu ya uzembe wa serikali. Nakutajia hawa wachache ili unaposikia "waandishi wakawa huru" ukumbuke walikuwa wanatoka wapi.

Sasa tuje kwenye mlango ulipofunguliwa. Mwaka 2011 Than Shwe alikaa pembeni, Thein Sein, naye jenerali aliyevua gwanda, akawa rais. Zarganar aliachiwa Oktoba 2011, Nay Phone Latt Januari 2012. Mkuu wa ofisi ya udhibiti, Tint Swe, alisema hadharani kwamba idara yake inapaswa kufutwa, na Agosti 2012 akatangaza mwenyewe kwamba ukaguzi wa kabla ya kuchapa umekwisha. Tarehe 1 Aprili 2013 magazeti binafsi ya kila siku yalirudi mitaani. Februari mwaka huo lilifanyika tamasha kubwa la fasihi Yangon, na Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani aliyekuwa amefungiwa nyumbani kwake kwa miaka mingi, alikaa jukwaani akazungumza habari za vitabu. Kituo cha PEN, chama cha kimataifa cha waandishi, kikaanzishwa nchini, Ma Thida akiwa rais wake wa kwanza. Wauza vitabu wa mtaa wa Pansodan walianika kazi ambazo zamani zilipitishwa chini ya meza. Mihadhara ya fasihi, ile desturi yao ya waandishi kuzunguka miji wakati wa baridi wakihutubia umati wa watu, iliendelea, safari hii bila orodha ya mada zilizokatazwa.

Simu nazo zilishuka bei ghafla. Laini ambayo miaka michache kabla iligharimu mamia ya dola, na nyuma zaidi maelfu, mwaka 2014 iliuzwa kwa takriban dola moja na nusu kampuni za nje zilipoingia. Taifa zima liliingia intaneti kwa pamoja, na kwa wengi wao intaneti ilikuwa ni Facebook.

Chini ya furaha yote hiyo sheria za zamani zilikuwa zimelala tu. Hapa pana uhusiano na kwetu ambao watu hawautazami. Kanuni ya adhabu ya Burma ni ile Waingereza waliyoitunga kwa ajili ya India katika karne ya 19, na kanuni hiyohiyo ya India ilitumika Zanzibar, Kenya na Tanganyika hadi miaka ya 1930. Sheria ya Siri za Serikali inayotumika Burma ni ya mwaka 1923. Kifungu cha 505 cha kanuni ya adhabu, kinachoadhibu maneno yanayoweza kumfanya askari akaidi wajibu wake, nacho ni urithi wa mkoloni. Majenerali hawakuhitaji kubuni mengi. Serikali ya mageuzi ikaongeza ya kwake: Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, ambayo kifungu chake cha 66(d) kiliruhusu mtu kufungwa hadi miaka mitatu kwa "kukashifu" mtandaoni.

Matokeo yake uyaone kwa mifano. Mwaka 2014 wanahabari wanne wa jarida la Unity pamoja na mkurugenzi wao walihukumiwa miaka kumi na kazi ngumu, baadaye ikapunguzwa kuwa saba, kwa kuandika kwamba jeshi lina kiwanda cha silaha za kemikali mkoani Magway. Mwaka 2015 mwandishi Htin Lin Oo alihukumiwa miaka miwili na kazi ngumu kwa hotuba aliyoitoa katika hafla ya fasihi, akiwaonya wanaoutumia Ubuddha kueneza chuki ya kikabila. Mshairi kijana Maung Saungkha alikaa rumande miezi sita kwa shairi fupi la utani kuhusu rais alilolibandika Facebook.

Utasema: lakini hao walifungwa kabla Suu Kyi hajashika serikali. Kweli. Chama chake cha NLD kiliunda serikali mwaka 2016, bungeni wakakaa wafungwa wa zamani wengi, wakiwemo waandishi. Walikuwa na kura za kutosha kufuta kifungu cha 66(d). Mwaka 2017 walikipunguza tu: kifungo kikashuka hadi miaka miwili, dhamana ikaruhusiwa. Na kesi, ambazo chini ya Thein Sein zilikuwa chache sana, chini yao zikapita mia moja. Hili linaniuma kuliko ukatili wa Ne Win, kwa sababu kwa Ne Win hakuna aliyetegemea huruma. Hawa walizijua seli za Insein kwa miili yao, na bado wengine wao walikwenda polisi kushtaki watu waliowasema vibaya mtandaoni.

Saw Wai, yule wa shairi la mafumbo? Mwaka 2019 afisa wa jeshi alimfungulia kesi chini ya kifungu cha 505(a), kwa sababu alishiriki mkutano wa hadhara mjini Kawthaung kudai katiba ibadilishwe. Mwaka huohuo vijana wa kikundi cha Peacock Generation walifungwa kwa thangyat, mashairi ya kejeli ya kupokezana yanayoimbwa wakati wa mwaka mpya wa Kiburma, kwa kulikejeli jeshi. Kabla ya sikukuu hiyo utawala wa mkoa wa Yangon ulikuwa umetaka vikundi vipeleke maneno ya thangyat yakaguliwe kwanza. Ukaguzi ulirudi kupitia mlango wa nyuma, ukiletwa na serikali iliyochaguliwa na wananchi.

Kuhusu jeshi lenyewe nitakueleza kwa ufupi. Katiba ya 2008, iliyoandikwa na majenerali, iliwapa robo ya viti vya bunge bila uchaguzi, na kuibadilisha kulihitaji zaidi ya asilimia 75 ya kura. Piga hesabu mwenyewe. Wizara za Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mipaka zilikuwa chini ya maafisa wa jeshi, kwa hiyo polisi waliomkamata mwandishi hawakuwa wakiripoti kwa Suu Kyi hata kidogo. Lazima tumtendee haki katika hilo.

Umeuliza waliutumiaje uhuru wao, na hapo jibu lina uchungu. Udhibiti uliwanyima watu wa Burma kweli, ukawanyima pia mazoea ya kubishana. Nusu karne hakuna aliyejibizana na mwenzake hadharani, kisha siku moja kila mtu akapewa kipaza sauti mkononi. Waliojitayarisha vizuri zaidi walikuwa wahubiri wa chuki. Matusi na uongo dhidi ya Waislamu, hasa Warohingya wa jimbo la Rakhine, yalienea Facebook kwa kasi, na wakati jeshi lilipowashambulia mwezi Agosti 2017, zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh, waandishi wengi wa Kiburma walionyamazia jambo hilo hawakuwa wamezibwa mdomo na mtu. Baadhi waliunga mkono waziwazi. Watu waliokuwa wameteswa kwa ajili ya neno walishindwa kusema neno kwa ajili ya jirani. Najua uoga una sababu zake. Mwanasheria Ko Ni, Mwislamu na mshauri wa NLD, alipigwa risasi kichwani uwanja wa ndege wa Yangon Januari 2017 akiwa amembeba mjukuu wake. Lakini wapo waliosema. Nay Phone Latt alianzisha mwaka 2014 kampeni ya Panzagar, watu wakijipiga picha wameuma ua mdomoni kama ahadi ya kutosambaza chuki. Wa Lone na Kyaw Soe Oo wa shirika la Reuters walichunguza mauaji ya wanaume kumi wa Kirohingya katika kijiji cha Inn Din, wakakamatwa Desemba 2017, wakahukumiwa miaka saba. Suu Kyi aliitetea hukumu hiyo mbele ya dunia. Walitoka Mei 2019 kwa msamaha wa rais, baada ya siku zaidi ya 500 ndani.

Kisha alfajiri ya 1 Februari 2021 jeshi likachukua kila kitu. Miongoni mwa waliokamatwa siku ileile walikuwamo waandishi Than Myint Aung, Maung Thar Cho na Htin Lin Oo yule yule. Majina hayo yalikuwa tayari kwenye orodha kabla taifa halijaamka.

Mwanangu, ramani ya babu zetu inapita hapo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walimokuwamo askari wa KAR, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi mto Chindwin, karibu na Kalewa. Ukiufuata mto huohuo kuelekea chini unafika mji wa Monywa. Huko Monywa, tarehe 3 Machi 2021, mshairi K Za Win alipigwa risasi akiwa kwenye maandamano. Alikwisha kufungwa mwaka 2015 kwa kuandamana na wanafunzi waliopinga sheria ya elimu. Siku hiyohiyo, mji huohuo, aliuawa Myint Myint Zin, mwalimu na mshairi. Mwezi Mei mshairi Sein Win alimwagiwa petroli Monywa akachomwa moto. Na Khet Thi, ambaye mwaka 2012 aliacha kazi ya uhandisi ili awe mshairi, akijikimu kwa kutengeneza na kuuza aiskrimu na keki, alichukuliwa na askari Shwebo tarehe 8 Mei. Mkewe aliitwa hospitali kesho yake kuchukua maiti, akasema viungo vya ndani vilikuwa vimetolewa.

Ukitazama walivyotawala tangu hapo, utaona hawakuona haja ya kuifufua ofisi ya zamani kama ilivyokuwa. Wiki mbili baada ya mapinduzi waliongeza kifungu cha 505A, kinachotoa hadi miaka mitatu jela kwa "kutia hofu" au kusambaza "habari za uongo". Facebook ilifungwa siku chache baada ya mapinduzi. Tarehe 8 Machi walifuta leseni za vyombo vya habari vya Mizzima, DVB, Khit Thit, Myanmar Now na 7Day. Mwaka 2022 mchapishaji mmoja wa Yangon alinyang'anywa leseni kwa sababu ya kitabu kuhusu mauaji ya kimbari ya Warohingya. Julai 2022 waliwanyonga watu wanne, adhabu ambayo haikuwa imetekelezwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mmoja alikuwa Kyaw Min Yu, aitwaye Ko Jimmy, mwandishi na mfasiri aliyefungwa sehemu kubwa ya ujana wake tangu maandamano ya 1988. Mwingine, Phyo Zeya Thaw, alianza kama mwanamuziki wa hip-hop kabla ya kuwa mbunge.

Waliobaki wameandikia wapi? Wengi Thailand, Mae Sot na Chiang Mai, vyumba vya kupanga vikawa vyumba vya habari. Mizzima, DVB na Myanmar Now bado zinasomwa na watu wa ndani kwa kukwepa vizuizi. Nay Phone Latt alikwenda kwenye serikali ya upinzani akawa msemaji. Maung Saungkha, aliyewahi kuunda shirika la Athan la kutetea uhuru wa kujieleza, aliingia msituni akaongoza jeshi la wapiganaji, Bamar People's Liberation Army. Mimi siwezi kumhukumu, ila nasikitika kwa mashairi ambayo angeyaandika miaka hii. Na jambo moja limegeuka baada ya 2021: baadhi ya Waburma waliokaa kimya mwaka 2017 wamewaomba radhi Warohingya hadharani, kwa kuwa sasa wameyaona majeshi yaleyale yakichoma vijiji vyao wenyewe mkoani Sagaing.

Siku nchi hiyo itakapotangaziwa tena kwamba udhibiti umefutwa, usishangilie haraka. Uliza kifungu cha 505 kiko wapi, sheria ya 1923 iko wapi, polisi wanaripoti kwa nani, na mtu wa kabila la wachache, kama Mkachin au Mkaren, akiandika kwa lugha yake kuna shule itakayomfundisha mtoto wake kuisoma.

Umeuliza ufanye nini. Kwanza tafuta mashairi yao. Mengi ya washairi wa Monywa yametafsiriwa kwa Kiingereza baada ya vifo vyao. Omba ruhusa kwa waliotafsiri, uyalete kwenye Kiswahili, maana kwa lugha yetu ni machache mno. Pili, kila tarehe 15 Novemba PEN International huadhimisha siku ya mwandishi aliye kifungoni, na huchagua majina ya kuandikiwa barua. Kusanya wanafunzi wenzako wachache, andikeni kwa balozi na kwa familia wakati anwani zimetolewa rasmi. U Win Tin aliongezewa miaka kwa sababu taarifa zilitoka Insein zikaifikia dunia. Majenerali wanayahofia macho ya nje. Ukihitaji msaada wa kuhariri tafsiri zako, nitumie, nitazisoma zote.